Atalala wapi, na chumba kina nani mwingine? Wiki mbili na mhudumu wa watoto Kulesa

Hebu angalia hapo kwenu kwanza. Kuna yule binamu aliyekuja "kwa wiki moja tu" mwaka 2019 na bado yuko. Analala sebuleni, anajua bei ya unga kuliko mamako, na kwa fomu za shule pale penye "mzazi" kumeandikwa jina la babako ilhali si babake. Mgeni akiuliza huyu ni nani, mnasema "ni wetu". Sawa. Sasa nikuulize swali moja la ukorofi: aliletwa na nani, kwa karatasi gani, na tangu afike kuna mtu yeyote kutoka nje aliyewahi kubisha hodi akauliza anaendeleaje?

Najua jibu. Hakuna. Kwetu pia hakuna aliyebisha, na mimi ndiye niliyekuwa nikilala huko sebuleni. Kusema kweli haikuwa sebule, ilikuwa mkeka jikoni, lakini tutafika huko.

Likizo ya Agosti 2024 nilipanda basi Mombasa nikaenda Kulesa, nyumbani kwa kina mamangu. Sikuenda kwa sababu ya uandishi. Nilienda kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imenishinda, na mtu akiwa na kijiji hakosi pa kujificha mwenye nyumba. Nilipanga kulala, kula samaki na kuangalia mto. Badala yake nikajikuta kila asubuhi nabeba daftari la binamu yangu, ambaye nitamwita Dada kwa sababu ndivyo ninavyomwita.

Kama huijui Kulesa, usijilaumu. Ni kijiji cha Wapokomo kando ya Mto Tana, eneo bunge la Garsen, Kaunti ya Tana River. Migomba, miembe, mitumbwi, mamba. Ukishuka Garsen bado hujafika: unatafuta bodaboda, na kama mvua imenyesha unatafuta na maombi, maana ule udongo mweusi ukilowa unashika tairi kama chingamu. Lakini kitu kimoja cha huku unakijua vizuri hata kama hujawahi kuvuka Malindi. Tuni ya wimbo wetu wa taifa ilitoka kwa bembelezi ya Kipokomo, wimbo wa mama kumtuliza mtoto, ikachukuliwa nchi ikijiandaa kwa uhuru mwaka 1963. Yaani kila Jumatatu asubuhi Kenya nzima inasimama wima kumbembeleza mtoto wa huku. Halafu tunakaa chini na kumsahau.

Dada ni mhudumu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto. Nieleze kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani ni kazi ya shirika la wazungu. Idara ya Huduma za Watoto, ambayo ni ya serikali ya kitaifa, ina afisa wa watoto katika kaunti ndogo. Huyo ni mwajiriwa, ana ofisi na faili. Lakini afisa mmoja hawezi kuwa kila kijiji, kwa hivyo vijijini kuna watu kama Dada, ambao ni macho na miguu yake. Na kujitolea ni kujitolea, msomaji. Hakuna mshahara. Dada anauza ndizi na mahamri, na katikati ya ndizi na mahamri ndipo anaposhughulikia kesi za watoto.

Vifaa vyake vya kazi ni hivi: gambuti, daftari la kurasa mia mbili, kalamu mbili, na simu kabambe yenye tochi. Pale kijijini watoto wanamwita "mama wa maswali". Nilicheka nilipolisikia hilo jina mara ya kwanza. Siku ya tatu sikucheka tena.

Unajua mimi nilikuwa na picha gani kichwani? Nilidhani kazi ya mtu wa kutafutia watoto walezi ni kuokoa. Unavunja mlango, unamchukua mtoto analia, unampeleka mahali pazuri, muziki unaanza. Kumbe asilimia kubwa ya kazi yenyewe ni kukaa kwenye kigoda cha mtu na kumuuliza mambo ambayo hakuna mtu mwenye adabu anauliza. Mnakula mara ngapi? Nani analala na nani? Huyu baba anayekuja jioni ni nani wenu? Kisha kurudi tena wiki ijayo na kuuliza yaleyale, ukiangalia kama majibu yamebadilika.

Na mara nyingi, kazi ni kukataa. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 unayakumbuka, hata kama ulikuwa Nairobi. Ni yale yaliyofanya shule zichelewe kufunguliwa hadi Mei 13. Huku Delta maji hayaji kwa mvua ya huku. Yanakuja kwa mvua ya Mlima Kenya na Aberdare, na mabwawa ya Seven Forks huko juu yakijaa yakafurika, redio inatangaza watu wa chini wahame. Kijiji kinabeba magodoro na kuku kinapanda penye mwinuko. Mwaka uliotangulia, Novemba 2023, walikuwa wamefanya hivyohivyo. Watu wa mto wamezoea, lakini mtoto wa miaka tisa hazoei.

Kambini, Dada anasema, ndipo kesi huzaliwa. Familia zinachanganyika, mtoto anafika na jirani kwa sababu mamake alikwenda upande mwingine wa maji, mzee anafariki na wajukuu wanabaki. Na kambini ndipo wanapokuja wageni wenye gari. Mwaka huo alifika mmoja, mpole, nguo safi, akasema ana makao ya watoto mahali fulani, chakula kipo, vitanda vipo, shule ipo uani. Aliomba apewe watoto sita, wale maskini zaidi.

Watu walikuwa tayari. Wewe pia ungekuwa tayari, usijidanganye. Uko chini ya turubai, unga umeisha, na mtu anakuahidi kitanda. Dada alisema hapana, hakuna mtoto anaingia gari bila afisa kujua. Mgeni akaondoka na hakurudi. Watu walimtukana Dada siku tatu. Mama mmoja alimwambia, "Basi walishe wewe."

"Ulimjibu nini?" nikamuuliza.

"Nilimpa mahamri," akasema. "Ningejibu nini?"

Lakini hakusema hapana kwa ukaidi wake mwenyewe. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inaorodhesha njia za kumlea mtoto aliyekosa wazazi wake, na jamaa wana nafasi yao humo: nyanya, shangazi, mjomba. Kuna mzazi mlezi, mtu asiye wa damu anayepewa mtoto kwa muda chini ya uangalizi, bila mtoto kuwa wake moja kwa moja. Kuna kuasili, ambako mtoto anakuwa wako kisheria kabisa. Na kuna kafaalah, ulezi wa Kiislamu, ambapo unamchukua mtoto unamlea kama wako lakini nasaba yake inabaki ileile ya babake. Hiyo ya mwisho ina maana kubwa kaunti kama hii, yenye Waorma, Wawardei na Wapokomo wengi Waislamu. Nilimsikia mzee mmoja akisema serikali imechukua miaka mingi kuandika jambo ambalo nyumbani kwake lilikuwa likifanyika tangu babu.

Mwaka huohuo wa 2022 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwatoa watoto makao na kuwarudisha katika familia. Sababu ni kwamba watoto wengi walio katika makao, hapa kwetu na duniani, si yatima wa kukosa kila mtu. Wana mzazi aliye hai au jamaa mahali. Walipelekwa kwa sababu ya njaa na karo. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubaliana kuhusu miongozo ya malezi mbadala tangu Desemba 2009, na moja ya mambo yaliyomo ni kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Kama nyumba ni maskini, saidia nyumba.

Maneno matamu. Mimi nina shida nayo moja tu: msaada wenyewe. Ule mpango wa fedha kwa familia zinazolea yatima na watoto walio hatarini, chini ya Inua Jamii, ni Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya. Piga hesabu ya unga, sabuni na madaftari ya watoto wawili uone inafika tarehe ngapi. Na nauli ya kwenda kukagua kama sheria inafuatwa, hiyo niliona kwa macho yangu ikitoka kwenye kitambaa cha pesa za ndizi.

Sasa nikupeleke kwa kesi yenyewe. Majina sitaji, na mambo mengine nimeyaacha ili wasijulikane.

Nyanya, umri wa kuzidi sabini, macho yameanza kumwacha. Wajukuu wawili: msichana wa miaka 12, Gredi ya Tano, na nduguye wa miaka tisa. Mama yao alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, kama wanavyokwenda wanawake wengi wa Pwani. Mwanzo alikuwa akituma pesa. Kisha simu ikawa inaita bila kupokewa, kisha ikawa haiiti. Baba? Daftari la Dada lina kistari pale pa baba.

Nyumba ya nyanya ilibomolewa na maji, wakajenga kibanda. Msichana ndiye anayepika, anayechota maji, anayempeleka nyanya msalani usiku.

Basi akaja mama mkubwa wao. Binti wa kwanza wa huyo nyanya, anaishi mji mmoja mkubwa wa Pwani, kaolewa, ana duka dogo na mtoto mchanga. Alikuja na sukari, mchele na kanga ya mamake. Wazee wachache walikaa chini ya mwembe, naibu wa chifu akawepo, na Dada akaitwa kwa sababu watoto hao walikuwa kwenye daftari lake tangu kambini. Mimi nilikaa nyuma, mbeba daftari.

Mama mkubwa alisema vizuri. Aliomboleza hali, akamshukuru Mungu kwa uhai, kisha akasema, "Huyu msichana nitamchukua mimi. Atasoma. Na atanisaidia-saidia na mtoto."

Wazee wakaitikia. Nyanya akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Kila mtu alikuwa amefurahi, na mimi tumbo likanigeuka. Kwa sababu lile neno nalijua. "Atanisaidia-saidia." Nalijua ladha yake.

Sasa tufike kwenye ule mkeka.

Mamangu aliaga 2010. Alizikwa kesho yake, na karatasi ya kifo nani angeifuata? Nilibaki na nyanya yangu, dadake mamake Dada akinipikia. Kisha ikaja 2012. Kati ya Agosti mwaka huo na Januari 2013, Delta iliwaka. Riketa, Kilelengwani, Kipao: Wapokomo na Waorma waliuana juu ya malisho, maji na mambo ya siasa ambayo wengine wameyaeleza vizuri kuniliko, na zaidi ya watu 100 walikufa. Jamaa yetu mmoja wa Mombasa akasema huyu kijana nitamchukua. Atasoma, na atanisaidia-saidia.

Sikupigwa, au niseme sikupigwa kuliko watoto wengine. Nililishwa. Nilisoma kweli, hilo nitamshukuru. Lakini niliamka saa kumi kukanda unga wa chapati za kuuza, nikarudi shule nikaanza viazi, na nikalala kwa mkeka jikoni baada ya mtungi wa mwisho kuoshwa. Miaka saba. Sijawahi kusema ni mateso kwa sababu wenzangu wa mtaa walikuwa na mabaya zaidi. Nasema tu hakuna aliyeuliza. Hata mwalimu, nikisinzia, alidhani natazama filamu usiku.

Halafu chuo. Fomu ya mkopo wa masomo ilitaka kitambulisho cha mzazi au cheti chake cha kifo. Sikuwa na kimoja wala kingine, na yule aliyenilea hakuwa mlezi wangu kwa karatasi yoyote duniani. Nilisoma mihula miwili kwa kuchangiwa na marafiki, nikaacha. Watu huniandikia kwa maoni "rudi shule bro" na mimi hucheka. Si kwamba sitaki, jamani.

Kwa hivyo pale chini ya mwembe nilikuwa tayari nimeshamhukumu mama mkubwa. Nilitamani nisimame niseme. Sikusema. Dada ndiye aliyefungua daftari.

"Mama, shikamoo tena. Atalala wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Nyumba ina vyumba vingapi? Chumba atakacholala kina nani mwingine? Shule gani, na umeshaongea na mwalimu mkuu? Asubuhi mtoto mchanga anaachwa na nani? Na huyu msichana akitaka kurudi, nauli ni ya nani?"

Kimya kikaingia pale, msomaji, ungesikia embe likianguka.

"Unaniuliza mimi?" mama mkubwa akasema. "Mtoto wa mdogo wangu? Mbele ya mamangu?"

Mzee mmoja, mtu wa Gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, mtu anayeheshimiwa, akaingilia kwa upole. "Mwanangu, tangu lini mtu akaandikiwa damu yake mwenyewe?"

"Baba, damu siiandiki," Dada akajibu, macho chini. "Naandika mtoto yuko wapi, ili siku akitafutwa nijue pa kuanzia."

Nilidhani mzee atakasirika. Alikaa kidogo, akasema, "Andika," akaomba ugoro.

Kilichofuata hakikuwa cha ajabu. Dada alimpigia afisa. Afisa akawasiliana na mwenzake wa ule mji, kwamba kabla msichana hajahama mtu afike akaone nyumba. Wakati huohuo Dada akafanya kitu ambacho hakuna mtu chini ya mwembe alikuwa amefanya: kumuuliza msichana. Sheria inataka hivyo, mtoto asikilizwe kulingana na umri na ukomavu wake, lakini kuna kusikiliza na kuna kusikiliza. Ukimkalisha mtoto mbele ya wakubwa ukamuuliza "unataka kwenda mjini?", atasema anachoona kwenye uso wa nyanya yake.

Dada alienda na gunzi. Nasema kweli. Alibeba mahindi makavu, wakaketi nyuma ya kibanda wote watatu, yeye, msichana na yule mdogo, wakapukuchua. Mimi niliambiwa nikae mbali, nikakaa mbali nikijifanya naangalia simu. Karibu saa nzima waliongea habari za mbuzi, za mwalimu, za nani aliona mamba wapi. Mikono ina kazi, macho yako chini, mdomo unajifungua wenyewe.

Halafu msichana akasema, kama mtu anayesema bei ya chumvi, "Mimi naweza kwenda. Lakini nikienda, huyu ataamshwa na nani?"

Tangu ile usiku maji yalipoingia nyumbani, mdogo wake anakojoa kitandani, na wakati mwingine anatoka usingizini anatembea. Anatembea kuelekea nje. Nje kuna mto. Dadake anamfunga kamba ya kanga kwenye kifundo cha mguu, upande wa pili anajifunga yeye mkononi. Nyanya hajui. Macho yake hayaoni usiku, na hakuna aliyetaka kumtia hofu.

Hiyo kamba haikuwa kwenye fomu yoyote. Mafuriko mawili, kambi, wageni wenye gari, baraza la wazee, na hakuna mtu mzima aliyejua kwamba mtoto wa miaka 12 analala na kamba mkononi.

Wiki ya pili ripoti ya ule mji ikaja kwa simu, Dada akiisikiliza huku anakaanga mahamri, mimi nimemshikia simu sikioni. Na hapa ndipo niliposhikwa na aibu. Nyumba ilikuwa nzuri. Ndogo, ya kupanga, lakini safi. Mume alikuwepo na alijibu maswali bila hasira. Kitanda cha msichana kilikuwa kimeshanunuliwa, kipya, bado na nailoni. Shule ilikuwa dakika kumi, na mwalimu mkuu alikuwa ameshaulizwa kuhusu nafasi. Mama mkubwa alimaanisha alichosema. Mimi ndiye niliyemvisha uso wa mtu mwingine.

Nilimwambia Dada hivyo jioni, na nikamwambia na ile habari ya mkeka, ambayo hakuwa anaijua yote. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Kwa hiyo ningekosea kumuuliza?" Nikasema la. "Na yule wako wa Mombasa, kama angeulizwa hivyohivyo mwaka wa kwanza, unadhani angefanyaje?"

Nimelifikiria sana hilo swali. Pengine angekasirika kama mama mkubwa alivyokasirika. Pengine kesho yake angenunua godoro.

Msichana aliambiwa kila kitu, kitanda kipya na nailoni yake. Akasema ataenda kama mdogo wake anaenda. Mama mkubwa, kwa simu, alilia. Chumba ni kimoja na sebule, mume ana kibarua, wawili hawezi. Hakuna aliyemlaumu, hata mimi. Alisema atakuwa anawachukua wote likizo, na atatuma kitu mwisho wa mwezi kwa mamake.

Kwa hivyo watoto wamebaki Kulesa. Kikao kilifanyika tena, kidogo, bila sukari. Jirani mmoja, mama wa makamo ambaye watoto wake ni wakubwa, alikubali yule mvulana na dadake walale kwake usiku, nyumba yake ina mlango wa kufunga. Mchana ni kwa nyanya. Nyanya aliambiwa kuhusu kamba, na Dada anasema hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Jina la jirani limeandikwa, afisa anamjua, na Dada atapita kila wiki kuuliza maswali yake. Mvulana amepangiwa kupelekwa hospitali Garsen aangaliwe. Majina ya nyumba yameombewa ule mpango wa fedha. Je, mto ukirudi? Nilimuuliza Dada, akaniangalia kama mtu aliyeuliza je, jua likichomoza.

Unaweza kusema hili si suluhisho. Mtoto analala nyumba moja anakula nyingine. Ni kweli. Mimi mwenyewe ningependa kukuandikia mwisho wenye kitanda cha nailoni. Lakini nimekaa na hii kazi wiki mbili tu nikaona kwamba mara nyingi hakuna nyumba nzuri dhidi ya nyumba mbaya. Kuna nyumba mbili zenye upungufu tofauti, na mtu mmoja mwenye gambuti anajaribu kujua ni upungufu upi mtoto huyu anaweza kuubeba.

Kabla sijasahau: hata kama uko Umoja, Likoni au Kisumu, namba 116 ni ya bure, usiku na mchana, ya kuripoti mambo ya watoto. Huhitaji kuwa na ushahidi kama wa mahakamani. Na yule binamu wa sebuleni, muulize. Usimuulize mbele ya mamako.

Kilichobaki mimi nilipokuwa napanga mfuko ni vyeti vya kuzaliwa. Hawakuwa navyo wote wawili. Bila cheti, jina la mtoto linasumbua kwenye mfumo wa shule, na msichana akifika Gredi ya Sita atataka kusajiliwa mtihani. Walizaliwa nyumbani, kwa hivyo naibu wa chifu ndiye wa kuanzia, na wanataka kitambulisho cha mama. Mama yuko Saudia na hapatikani.

Dada alikuwa amepata namba ya mwanamke mwingine wa huku anayefanya kazi Jeddah, ambaye anamjua mtu anayemjua mama yao. Simu yake kabambe haina WhatsApp, kwa hivyo tulitumia yangu, na bando langu la mwisho. Tuliandika Jumatano. Alhamisi kimya. Ijumaa, usiku wangu wa mwisho, saa tano na nusu, simu ikalia.

Ilikuwa sauti ya sekunde kumi na moja. Mwanamke ananong'ona, kama mtu aliye chini ya blanketi. Anasema yuko hai, simu yake ilichukuliwa, hii ameazima, wasimpigie. Anauliza kama mdogo bado anaogopa giza. Kisha ikafuata picha ya kitambulisho, imepigwa gizani, nusu ya namba haisomeki.

Tuliisikiliza ile sauti mara tatu, tochi ya kabambe ikiwa imewekwa juu ya daftari. Dada alichukua kalamu akaandika tarehe na saa. Kisha akanisukumia simu.

"Mwambie apige tena," akasema. "Awashe taa kama anaweza."